Mti Lazima Upumue

Watu wa klabu ya shabaha walimwita kaka yangu Bwana Mti, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Ukimwita kwa jina la kuzaliwa anachelewa kugeuka. Ukisema Bwana Mti anageuka shingo na mabega. Alikuwa fundi wa vitako vya bunduki za mashindano. Kitako ndicho mwili wa bunduki, ile sehemu inayoegemea begani na shavuni na kuubeba mtutu wa chuma kwa mbele, na kaka alikichonga kwa mti wa mjozi, mti wa kahawia wenye mistari, mpaka ukikipapasa unasahau kwamba umeshika kitu cha kufyatulia risasi. Hilo nalikubali. Nina mengi ya kumlaumu, lakini mkono wake ulikuwa mkono.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya uwanja wa shabaha, chumba kirefu chenye dirisha moja lililozibwa na vumbi la mbao, kimebanwa kati ya ghala la silaha na stoo ya viti. Mimi nilikuwa mtu wa msasa. Yeye akishachonga, mimi nalainisha, kwanza kwa msasa mkali, halafu wa katikati, halafu ule laini unaokaribia kuwa karatasi tupu. Kisha napaka mafuta kwa kitambaa, nangoja yanywewe, napaka tena. Ni kazi ya kunyamaza, nami si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo tuligombana miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Wateja walishazoea. Mmoja alisema siku akija asitusikie tukigombana, ataita polisi.

Kulikuwa na sehemu moja tu ambayo sikuruhusiwa kuipaka mafuta, nayo ni mfereji. Mfereji ni ule mtaro unaochimbwa juu ya kitako, pale mtutu unapolala. Mtutu unatakiwa ulale bila kuguswa ubavuni, pabaki nafasi nyembamba kila upande, kwa sababu mti ukiugusa mtutu, hata kwa unywele, risasi haiendi ulikolenga. Mafundi wengine huuziba mfereji kwa vanishi au gundi ili maji yasiingie. Sisi hapana. Baba yetu, aliyemfundisha kaka kazi, alisema mti lazima upumue, basi mfereji ukaachwa uchi. Lakini baba alifanyia kazi zake huko tulikozaliwa, kwenye ukame, ambako ukianika nguo hujafika mlangoni zimekauka. Sisi tulihamia huku kwenye unyevu, ambako chumvi inalowa ndani ya kopo lililofungwa, na tukaja na sheria ya baba kama ilivyo, hatukuikunjua hata tuione.

Niliwahi kumwambia. "Kaka, huku mti haupumui. Huku mti unakunywa."

"Wewe paka mafuta nje," akanijibu. "Ya ndani niachie mimi."

Basi nikakipaka kitako mafuta nje, ndani nikamwachia yeye.

Kaka alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Mama yake, wifi yangu, alifariki mtoto akiwa bado anaoga kwenye beseni, na kuanzia hapo yule mtoto alilelewa na watu wawili wagomvi ndani ya karakana. Alijifunza kutambaa juu ya maranda. Alikuwa mkimya kupita kiasi. Nadhani sisi tulikwishamaliza maneno yote, hakubakiwa na lolote. Kocha wa klabu, mwanajeshi mstaafu mwenye goti bovu, ndiye aliyeuona ukimya ule akajua una kazi. Alimlaza kifudifudi kwenye mkeka na bunduki ndogo ya shabaha, akamwambia asipumue mpaka amwambie. Mtoto akalala pale kama amesahauliwa. Kocha akampachika jina la Tuli, na jina likashika.

Tuli alikua, akawa mlengaji bora wa kike pale klabuni, na sitii chumvi kwa kuwa ni damu yangu. Kwenye mashindano yaliyotangulia haya ninayosimulia alichaguliwa kuwa mchezaji wa akiba wa timu ya taifa. Wa akiba, nyinyi mnajua maana yake: unabeba mabegi ya wenzio, unapiga makofi, na picha ikipigwa unaambiwa usogee kidogo. Alirudi akaniambia maneno machache, na kwa Tuli maneno machache ni hotuba. "Shangazi, sitaki kuwa wa akiba tena. Nataka hii nafasi." Sikuwa nimepata kumsikia akitaka kitu kabla ya hapo. Hata peremende alikuwa anapewa, haombi.

Nafasi ilikuwa moja. Mashindano ya kuchagua timu yangefanyika kwenye uwanja wetu wenyewe, na kila mtu alijua Tuli akipiga kama anavyopiga mazoezini, nafasi ni yake. Ndipo kocha akaja na kile kitako cheusi.

Kilikuwa cha faiba, yaani plastiki ngumu iliyosokotwa na nyuzi, na ndani kina uti wa mgongo wa alumini. Kibaya kwa sura, hilo nisidanganye. Ukikigonga kinatoa mlio wa ndoo. Shavu ukiliweka juu yake, asubuhi kina baridi, mchana kinanata. Lakini kocha alisema kitu kimoja tu: "Hiki hakijui mvua ni nini." Klabu za mbali zilikuwa zimeshahamia huko, na bunduki zao hazikuhitaji kurekebishwa kila hali ya hewa ilipobadilika.

Kaka alikitazama kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka. Akakizungusha, akakinusa, akakiweka mezani.

"Hiki kimetengenezwa na nani?"

"Kiwandani," kocha akasema.

"Nimeuliza na nani."

Kaka akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema kitu kisicho na baba kinazungumza na mtoto wa watu vipi. Watu wawili watatu waliokuwa mlangoni wakacheka, naye akavimba kichwa.

Lakini Tuli alikijaribu. Akajaribu tena kesho yake. Na jioni akasema, mbele yetu sote, kwa sauti yake ile ya kuomba samahani hata asipokosa, kwamba vyote viwili ni vizuri. Cha baba kinamkaa shavuni na begani kana kwamba alipimiwa, maana kweli alipimiwa, na bunduki inapofyatuliwa kinameza mtikisiko bila kelele. Cheusi hakina raha hiyo, ila leo kiko vile kilivyokuwa jana. "Kukiwa kukavu natumia cha baba," akasema. "Mvua ikinyesha natumia cheusi." Mtu mwenye akili timamu angesema ahsante, mwanangu, yamekwisha, tukale. Kaka alinyanyuka akaenda kunoa patasi ambayo ilikuwa imenolewa asubuhi ile ile.

Hakula usiku huo, wala kesho yake mchana. Mimi namjua, huyu kwake njaa ni silaha. Hata mama yetu alikuwa anampigia magoti ili ale. Siku ya pili akatangaza kwamba ubishi utamalizwa uwanjani, kwa haki, kitako kwa kitako.

Wakafanya kwa haki, nakiri. Bunduki ile ile, mtutu ule ule, risasi za boksi moja, mezani juu ya mifuko ya mchanga ili mkono wa mtu usihesabike. Unafungua skrubu mbili, unatoa kitako hiki, unaweka kile, unakaza. Tuli akapiga, kocha akaangalia kwa darubini. Ilikuwa katikati ya kiangazi, jua la kupasua midomo, upepo umelala. Karatasi ya shabaha ya kitako cha mjozi iliporudi, matundu yote yangeweza kufunikwa na kifungo cha shati. Ya faiba nayo ilikuwa nzuri, ila tundu moja lilijitenga kidogo na wenzake, kama mgeni asiyejua akae wapi.

Kaka aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Hajapata kunishika hivyo mimi, wala mtoto wake.

Kocha akasema, "Sawa. Sasa tuvimwagie maji vyote viwili, vilale, kesho tupige tena."

"Unataka kummwagia maji mwanangu?"

"Mwanao ni yule kule, Bwana Mti. Hiki ni kitako."

Kaka akakataa. Alisema kumwagia maji kazi ya mtu ni matusi, na kwamba mashindano yanafanyika chini ya paa, si mtoni. Watu wakamuunga mkono, kwa sababu alikuwa mzee wao na alikuwa amewachongea nusu yao vitako kwa bei ya kirafiki. Walimvika kilemba cha ukoka mchana kutwa. Nikamfuata karakana nikamwambia, "Basi niruhusu nizibe mfereji. Vanishi ipo, brashi ipo. Kesho kutwa kimekauka, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," akasema. "Na baba atajua."

"Baba ni marehemu."

"Ndiyo maana."

Nilimwacha.

Lakini alilofanya baadaye ndilo ninalomshikia mpaka leo. Wakati Tuli anaosha vyombo, kaka alikuja akasimama mlango wa jikoni, akasema taratibu, bila hasira, na ubaya wa kaka ni pale anapokosa hasira: "Siku ya mashindano ukipiga na kile cheusi, sitakuzuia. Wewe ni mtu mzima. Mimi nitaweka patasi chini, nitajua nilikuwa napoteza kuni." Akaenda kulala. Tuli aliendelea kuosha sahani moja mpaka nikamnyang'anya.

Mvua zikaja mapema mwaka ule. Wiki nzima ya mashindano ilinyesha ile mvua isiyo na kelele, ya kukaa, inayoingia mpaka kwenye mashuka. Bunduki kisheria hulala ghala la silaha, na ghala letu lilikuwa na ukuta mmoja uliotoa jasho hata kiangazi. Mtunza ghala, bwana mmoja mnene aliyeogopa karatasi za serikali kuliko risasi, alikuwa anaweka gazeti chini kunyonya maji. Kitako cha mjozi kililala humo usiku baada ya usiku, nje kinang'aa kwa mafuta yangu, ndani kiko uchi kama alivyotaka baba.

Asubuhi ya mashindano waamuzi walikagua vitako vyote viwili, wakavibandika stika za ruhusa. Kocha alikuwa ameomba hivyo makusudi. Cheusi kikakaa ndani ya begi lake pamoja na ufunguo wa skrubu. Kaka alikaa benchi la nyuma, amevaa koti lake la misiba na harusi, mikono juu ya magoti. Nilikaa pembeni yake. Alikuwa amenyoa ndevu. Nilimwonea huruma kidogo, nikaificha.

Kwanza kuna risasi za majaribio, ambazo hazihesabiwi. Mlengaji anarekebisha kilengeo chake mpaka aone risasi zinaingia katikati, ndipo mwamuzi anaanzisha zile za kuhesabiwa. Tuli alilala kwenye mkeka, jaketi lake zito limefungwa mpaka kidevuni, mkanda umembana mkono. Akapiga. Kwenye darubini niliyoazima nikaona risasi imekwenda juu kushoto. Akazungusha kilengeo, akapiga, ikarudi karibu na katikati. Akapiga tena bila kugusa chochote, ikapanda tena kushoto. Akarekebisha, ikakubali, ya pili yake ikahama. Mtutu ulikuwa unapata moto, mti uliovimba unausukuma kwa ubavu, na kila risasi inasukumwa upya. Sihitaji kuwa mlengaji kujua hilo. Nimeupitisha mkono wangu ndani ya mifereji ile maisha yangu yote.

Nikamwambia kaka, "Kimevimba."

"Anaharakisha," akasema. "Mwache atulie."

Kocha akaenda akapiga goti lake bovu kando ya mkeka. Tulikuwa karibu, nilimsikia. "Badilisha. Muda upo. Skrubu mbili tu, ujaribu, uanze."

Tuli aliinua shavu kutoka kwenye kitako. Hakumtazama kocha. Aligeuza kichwa akatazama nyuma, kwenye benchi letu.

Nataka kusema ukweli kuhusu wakati ule, kwa maana watu wameshauzungumza sana. Kaka angeweza kuitikia kwa kichwa. Angeweza kuinua kidole. Yule mtoto hakuwa anauliza kitako kipi kinalenga vizuri, hilo alishalijua kabla ya sisi sote. Alikuwa anauliza kama ataruhusiwa kushinda. Nilimpiga kaka kiwiko mbavuni, kwa nguvu. Akakaa vile vile, macho mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Tuli akageuka. "Nitatumia hiki hiki," akamwambia kocha, na akarudisha shavu.

Sitasimulia risasi moja moja, siwezi. Alipigana. Alikuwa anabahatisha mti utahamia wapi kabla haujahama, analenga pembeni ili iingie katikati, na mara nyingi aliipata. Hakuna mwingine pale uwanjani ambaye angeweza kufanya hivyo, na waamuzi wenyewe walilisema baadaye walipokuwa wanakunja meza. Mwishoni alipitwa na binti mmoja kutoka klabu ya mbali, mlengaji wa kawaida, aliyekuwa na kitako cheusi na pua inayotiririka mafua. Alipitwa kidogo tu. Angepitwa kwa mbali ningelia vizuri zaidi.

Watu wakakusanyika pale penye ubao wa matokeo, unajua watu wanavyopenda msiba usio wao. Mmoja akasema, labda ni ule mti. Kaka akajitokeza katikati yao na koti lake.

"Mti haukusogea," akasema kwa sauti. "Mti hauna moyo wa kudunda. Aliyesogea ni yeye."

Kocha, ambaye sijawahi kumwona akipandisha sauti, hakupandisha. Aliichukua bunduki mikononi mwa Tuli, akachana ukanda mwembamba wa karatasi ya shabaha, akaupitisha chini ya mtutu, kati ya chuma na mti. Ndivyo wanavyopima. Mtutu ukiwa huru, karatasi inateleza toka ncha mpaka nyuma. Ile iliingia kidogo, ikakwama. Akaivuta kulia, ikakwama. Akaivuta kwa nguvu, ikachanika, kipande kikabaki kimebanwa mle ndani, kinaonekana.

"Bwana Mti," kocha akasema, "njoo uitoe wewe."

Kaka alikitazama kile kipande. Nilimwona ameelewa. Nimeishi naye tangu tunalala kitanda kimoja, najua uso wake ukielewa. Nikangoja. Nilimwombea, kwa kweli, nilimwombea aseme neno moja tu, hata kwa kunong'ona.

"Mti utakauka," akasema.

Tuli akaingilia kati kabla mtu hajacheka. "Ni kweli, kocha. Ni mimi. Nilisogea." Akaichukua bunduki, akaipeleka ghalani mwenyewe.

Mimi nilichachamaa. Nilimwambia kaka yangu mbele za watu mambo ambayo dada hamwambii kaka, na siyajutii, ila nilikosea hesabu: kadiri nilivyomtukana ndivyo watu walivyomhurumia. Wakamshika mkono, wakamketisha, wakamletea maji. Mzee wa watu, wakasema, dada yake ana mdomo.

Nyumbani nilimkuta Tuli anakata vitunguu. Nikamuuliza kwa nini hakubadilisha.

"Shangazi, ningebadilisha ningeshinda."

"Si ndiyo?"

"Wote wangeona. Uwanja mzima ungejua baba alikosea miaka yote, na mimi ndiye niliyewaonyesha." Aliendelea kukata. "Halafu ningeondoka na timu. Yeye angebaki karakana na nani?"

"Angebaki na mimi."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu kidogo. "Ndicho hicho nasema."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka na machozi ya vitunguu yananitoka, na nilikuwa nalia.

Timu iliondoka na yule binti wa mafua. Tuli hakulala tena kwenye mkeka. Kocha alimfuata nyumbani mara kadhaa, akakaa sebuleni na goti lake limenyooshwa, akasema mashindano mengine yapo, umri unaruhusu, kitako cheusi kipo. Tuli alimtengenezea chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Alipata kazi ya mapokezi kwenye zahanati, anaandikisha wagonjwa, na wanasema ni mpole sana kwa wagonjwa. Hayo maneno yananiuma na hata sijui kwa nini.

Klabu nayo haikungoja. Waliokuwa wamesimama pale siku ile, wakimletea kaka maji na kumpapasa mgongo, wakaanza kuagiza vya faiba mmoja mmoja, kimya kimya, kwa aibu, wanavipitisha nyuma ya stoo ya viti ili asivione. Karakana ikageuka ya mipini: mipini ya nyundo, ya majembe, ya mafagio. Nilikuwa nalainisha mpini wa fagio kwa msasa laini, nikacheka peke yangu, kwa maana fagio halijali. Kaka alichonga kila mpini kana kwamba ni kitako. Na kwa kila mteja aliyekaa kungojea mpini wake, alisimulia kwamba binti yake angekuwa timu ya taifa leo, kipaji kilikuwepo, tatizo lilikuwa pumzi.

"Pumzi," anasema, anatikisa kichwa. "Mti unajua kupumua. Watoto wa siku hizi hawajui."

Kiangazi kikarudi. Ghala likakauka, mtunza ghala akaacha kutandika magazeti. Kaka akawa anatoka nje kila asubuhi kutazama anga, ananusa hewa, anagusa mbao zilizoegemea ukuta. Mimi nilidhani anazeeka. Kumbe alikuwa anachagua siku. Nasema alikuwa anachagua, na yeyote atakayeniambia ilitokea tu, hajamfahamu kaka yangu.

Siku moja ya jua kali akaomba ile bunduki itolewe. Ilikuwa bado na kitako chake, hakuna aliyejisumbua kukiondoa. Mtunza ghala akaileta, akasimama nayo kama sheria inavyotaka. Kocha alikuwepo, anahesabu makopo ya rangi. Kaka akachana ukanda wa karatasi, akaupitisha chini ya mtutu, akausogeza nyuma, mbele, nyuma tena. Kisha akampigia Tuli simu kazini, aje, aje sasa hivi.

Alikuja mbio, amevaa sare ya zahanati, nadhani aliogopa kuna mtu ameanguka. Kaka akampa ncha ya karatasi.

"Vuta."

Tuli akavuta. Karatasi ikateleza yote, laini, haikugusa popote, ikatoka nzima mkononi mwake.

"Inapita, haipiti?"

"Inapita, baba."

"Imekwama popote?"

"Haijakwama."

Kaka akamgeukia kocha, akamgeukia mtunza ghala, akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa umekunjuka, hajawa hivyo tangu wifi yangu alipokuwa hai. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Tuli akaniwekea mkono kwenye mkono, akanibana, na mimi, mwenye mdomo, nikaufunga.

"Basi mwanangu," kaka akasema, akamshika bega, kwa upole kabisa, "yaliyopita yamepita. Kila mtu hukosea. Mimi nimeshakusamehe."

"Asante, baba," akasema Tuli. Akaiweka ile karatasi juu ya meza, akatazama saa, akarudi kazini.